Mkono wa Kulia wa Mama

Mwaka 1975, masika yalipoanza kulegea na mtama ukiwa umefika magotini, nilikuwa na umri wa miaka kumi na miezi minane. Ninataja umri huo bila kusita kwa sababu nilizaliwa tarehe 9 Agosti 1964, na padri aliyenibatiza aliandika hivyo kwenye kadi ambayo mpaka leo ninaitunza. Jumamosi, tarehe 12 Aprili, mama yangu alirudi kutoka hospitali ya misheni alikokuwa amelazwa kwa wiki tano. Alishuka kwenye lori lililoleta unga wa njano wa msaada wa njaa, ule ambao watu wa umri wangu bado wanaukumbuka kwa tumbo kuliko kwa kichwa. Nilimkimbilia. Akanipokea kwa mkono wa kushoto peke yake. Ule wa kulia aliuacha umelala juu ya tumbo, ndani ya khanga, kama mtu aliyebeba kifaranga asiyetaka kionekane.

Sikuwa na nia ya kuandika habari hizi. Lakini mwezi Machi mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu wa hapa Turwa kliniki, miezi mitatu baada ya kuondolewa titi kwa sababu ya saratani. Mtaalamu wa viungo, kijana mpole aliyetuamkia shikamoo kabla ya kutugusa, alimwambia aukabili ukuta, aweke vidole juu ya vigae na kuvipandisha polepole kadiri bega litakavyoruhusu. Jirani yangu akaanza. Vidole viwili vikapiga hatua, vikatulia, vikapiga hatua nyingine. Mimi niliomba ruhusa, nikatoka nje na kukaa kwenye benchi. Mtaalamu alidhani ninamwonea mwenzangu huruma. Ukweli ni kwamba ukuta ule ulikuwa umenirudisha kwenye ukuta mwingine, wa udongo na samadi, na kwenye neno nililolitamka kisimani nikiwa nimejaa majivuno.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya mwaka uliotangulia, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kisaka, wakati wa Operesheni Vijiji. Baba alikuwa amefariki mwaka 1971, kwa hiyo kaya yetu iliandikwa kwa jina la mama: watu wawili, nguvukazi mmoja. Nyumba tulijenga kwa haraka kama wengine wote, na mama aliikandika kwa mikono yake mwenyewe. Huku kwetu mwanamke ndiye mwenye ukuta. Akisiribiwa na mwingine angali hai, watu huuliza kama nyumba hiyo ina mwenyewe. Nadhani uvimbe ulikuwa tayari upo titini wakati ule akikandika, lakini hakumwambia mtu. Na aliporudi kutoka hospitali hakumwambia mtu vilevile. Majirani walipokuja kumpa pole, alisema amepasuliwa jipu la kwapani. Mimi nami nilipewa jipu hilo hilo, nikaliamini.

Kuanzia siku ile kazi za mkono wa kulia zikawa zangu. Nilichota maji kwa sababu yeye hakuweza kuinua ndoo kuiweka kichwani. Nilisonga ugali, nikatwanga, nikamfunga kitambaa cha kichwa kwa sababu mkono wake haukufika kisogoni. Alipojaribu kusiriba ukuta mwezi Juni, alifika usawa wa kifua akaacha. Sehemu ya juu ikabaki na nyufa zake za zamani, na nyumba yetu ikaonekana kwa mbali kama mtu aliyevaa shuka bila shati.

Mnamo Julai mkono ule ulianza kunenepa. Naomba msomaji anielewe: mimi nililelewa miongoni mwa wafugaji. Ng'ombe anayekonda ni mgonjwa. Ng'ombe anayenona amepona. Nilipoona ngozi ya mkono wa mama imejaa, inang'aa, mifupa ya kiwiko haionekani tena, nilimshukuru Mungu. Nilijiambia kwamba unga wa njano umeanza kufanya kazi, na kwamba umeanzia mahali palipohitaji zaidi. Nilishangaa tu kwamba yeye aliufunika mkono huo zaidi kuliko zamani.

Kisha nikamwona ukutani. Ilikuwa asubuhi mapema, nimerudi kisimani kabla ya wakati kwa sababu foleni ilikuwa fupi, na mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Mama alikuwa amesimama akiukabili ukuta wa ndani, mgongo wake kwangu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinapanda. Vilipita usawa wa bega, vikapita sikio, vikafika mahali palipochorwa mstari wa mkaa, vikasukuma juu ya mstari ule kiasi cha upana wa punje ya mahindi. Akachukua mkaa kwa mkono wa kushoto, akachora mstari mpya. Nilirudi nyuma kimyakimya, nikaweka ndoo chini kwa kishindo ili ajue nimefika. Alipotoka, mkono ulikuwa ndani ya khanga kama kawaida, na uso wake ulikuwa umenawishwa maji.

Nilichungulia tena siku nyingi baada ya hapo. Mistari ilikuwa ikipanda kama ngazi. Sikumuuliza kwa nini alifanya siri. Mtoto wa wakati wetu hakumuuliza mama yake swali la namna hiyo. Nilijibu mwenyewe: mama amepona, na anangoja siku ya kuwashangaza watu.

Watu hawakuwa wakingoja kushangazwa. Shamba la kijiji lilimtaka kila mtu mzima mwenye afya, asubuhi, na jembe lake. Kiongozi wa kikosi chetu alikuwa Mzee Marwa, mtu wa haki aliyependa daftari lake la mahudhurio kuliko alivyopenda maneno. Wakati wa mtama kukomaa alimpa mama kazi ya kufukuza ndege. Wakati wa kuchuma pamba alimruhusu achume kwa mkono mmoja, gunia likiwa limefungwa kiunoni. Lakini mvua za Novemba zilipodondoka, kazi ikawa moja tu, kulima, na jembe halishikwi kwa mkono mmoja. Mama akakaa nyumbani. Ndipo lilipoanza kusikika jina ambalo kwenye mikutano ya siku zile waliitwa mabepari, na ambalo mtu wa ng'ombe hahitaji kutafsiriwa: kupe.

Nililipata kisimani, kutoka kwa Gati, binti wa jirani yetu wa upande wa mashariki. Tulikuwa wasichana sita au saba kwenye foleni.

"Bhoke," Gati aliniita, akiwa amekaa juu ya ndoo yake, "mama yenu likizo yake inaisha lini?"

"Mama anaumwa."

"Anaumwa jipu tangu Aprili? Jipu gani hilo lisilotumbuka? Mama yangu anasema mama yako ni kupe. Analala juu ya mgongo wetu."

Wengine wakacheka. Mmoja wao, ambaye mama yangu alimzibua sikio alipokuwa mdogo, akaongeza, "Kupe hana mkono. Ana mdomo tu."

"Mkono anao," nikasema.

"Wa mti."

"Wa nyama. Tena umenona kuliko wa mama zenu wote. Na kila asubuhi anaupandisha ukutani mpaka hapa." Niliweka kidole juu ya paji la uso. "Nimemwona mwenyewe, kwa macho yangu."

Niliteka maji yangu nikiwa nimeinua shingo, na njia nzima sikuuhisi uzito wa ndoo. Nimewahi kupokea vyeti maishani mwangu, na nimewahi kusifiwa mbele ya watu, lakini sidhani kama nimewahi kujisikia mshindi kama asubuhi ile.

Alhamisi, tarehe 20 Novemba, jioni jua likiwa bado lipo, Mzee Marwa alikuja nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Alikataa kiti.

"Mama Bhoke, tangu Juni nimekukinga," alisema. "Nimekuandikia ndege, nimekuandikia pamba. Watu wamesema ninakupendelea, nikanyamaza."

"Najua, Mzee Marwa. Nashukuru."

"Sasa ninaambiwa mkono unapanda mpaka paji la uso. Kila asubuhi. Mkono unaofika paji la uso umepita urefu wa jembe lolote ninalolijua."

Mama aliivuta khanga juu ya mkono. "Nani amesema?"

Mzee Marwa alinitazama mimi, kwa muda mfupi tu, kisha akatazama daftari lake. "Jumatatu, ofisi ya kijiji, saa tatu. Halmashauri itakaa. Ikionekana ulikuwa unakwepa, utalima siku zote ulizokosa, moja baada ya nyingine, mpaka ziishe. Si mimi niliyeweka sheria."

Alipoondoka nilitegemea kuchapwa, na ningependelea kuchapwa. Mama alinishika mkono, akaniingiza ndani, akakaa juu ya kitanda cha kamba na kufungua khanga upande wa kulia. Hakuna titi lililokuwepo. Palikuwa na ngozi iliyovutwa na kushonwa, kuanzia kifuani mpaka kwapani, na rangi yake haikuwa rangi ya mama. Akachukua vidole vyangu akavipeleka kwapani. Nilihisi chini ya ngozi kamba mbili au tatu zilizokaza kuelekea kwenye kiwiko, ngumu kama zile za kitanda tulichokalia.

"Hizi ndizo ninazozivuta ukutani," alisema. "Nesi alinifundisha. Akasema nisipozivuta kila siku, bega litaganda, nitakuwa na mkono wa kuning'inia maisha yangu yote. Na akasema jambo la pili: jembe na ndoo nzito nisiguse. Nikigusa, uvimbe huu utaongezeka na hautarudi."

"Mimi nilidhani umenona," nikasema.

Karibu acheke. Kisha akasema, taratibu, bila hasira, "Uliniona mkono, Bhoke. Uso wangu hukuuona."

Nilimsihi awaambie majirani ukweli. Akafunga khanga. Alisema kwamba mwanamke aliyekatwa titi huku kwetu huzikwa kwa midomo ya watu kabla ya siku yake, na kwamba yeye bado ana mtoto wa kumpeleka shule. Hilo la shule lilikuwa ahadi kamili: mwalimu mkuu alikuwa amekubali kunipokea darasa la kwanza mwezi Januari 1976, ingawa nilikuwa nimechelewa, na mama alikwisha kubadilisha kuku wawili kwa kitambaa cha sare. Alikuwa na barua ya daktari. Aliamini barua ingetosha.

Jumatatu, tarehe 24 Novemba 1975, tulifika ofisi ya kijiji kabla ya saa tatu. Ilikuwa chumba cha mbele cha ghala la pamba. Sakafu ilikuwa na vumbi jeupe la nyuzi, na hewa ilinuka mbegu na magunia. Nyuma ya meza walikaa Mwenyekiti, Katibu na wajumbe watano. Mmoja tu wa wajumbe alikuwa mwanamke, Bibi Wankuru, mkunga wa jadi, ambaye nusu ya watu waliokuwa wamejaa mlangoni walipita mikononi mwake. Mzee Marwa alisoma siku za mama kutoka kwenye daftari, bila chuki, kama anayesoma orodha ya mifugo.

Mama akatoa barua. Iliandikwa kwa Kiingereza. Katibu, aliyekuwa amefika darasa la nane, aliisogeza karibu na dirisha, akasoma midomo ikicheza, akarudi mezani.

"Ndugu Mwenyekiti, barua inasema alipasuliwa. Inasema asibebe vitu vizito. Halafu inasema afanye mazoezi ya mkono. Kila siku."

"Mazoezi," mjumbe mmoja akarudia. "Ya mkono. Kila siku."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na jembe ni nini, Ndugu Katibu, kama si mazoezi ya mkono kila siku?"

Mlangoni watu walicheka, na hata mmoja wa wajumbe alificha mdomo. Mama alisema kwamba nesi alimfafanulia vingine. Mwenyekiti akauliza nesi huyo yuko wapi. Alikuwa mwendo wa siku nzima kwa lori, na lori lilikuja kwa bahati.

Ndipo nikaitwa. Mwenyekiti hakuwa mkali. Aliinama kidogo ili macho yetu yakutane.

"Ulimwona mama yako akiinua mkono ukutani?"

"Nilimwona."

"Mara moja?"

"Mara nyingi. Lakini mkono ni mbovu, Mzee. Una kamba ndani."

"Kisimani ulisema umenona," sauti ya mama yake Gati ikatoka mlangoni. "Leo umeoza?"

Nilijaribu kueleza juu ya ng'ombe, kwamba nilifikiri kunenepa ni kupona, lakini kicheko kilinizidi sauti. Mjumbe yule wa jembe akasema jambo ni rahisi: ukuta upo, mkono upo, mama aupandishe tuone.

"Nitaupandisha," mama alisema. "Lakini leo sitakupeni mgongo."

Alisimama ubavu kwa ukuta, uso wake ukituelekea sote. Aliweka vidole viwili usawa wa kiuno na kuanza. Mpaka kifuani vilikwenda vizuri. Kuanzia begani alifumba macho. Usawa wa kidevu, shingo yake ilisimama mishipa, na taya likaanza kutetemeka kama la mtu mwenye homa. Hakutoa sauti hata kidogo. Machozi yalitoka bila yeye kuyalia, kama jasho, na bado vidole vilipiga hatua, vikatulia, vikapiga nyingine. Nilikuwa nimeutazama mkono ule miezi minne na kujivunia kila mstari wa mkaa. Hivyo ndivyo kila mstari ulivyochorwa. Mlangoni hakuna aliyecheka tena.

"Inatosha," Mwenyekiti akasema. Mama hakuacha mpaka vidole vilipofika kwenye paji la uso. Kisha mkono ukaanguka.

Bibi Wankuru aliinuka. Alimwendea mama, akasimama kati yake na macho ya wanaume, akaingiza mkono wake ndani ya khanga. Uso wa kizee yule haukubadilika. Aliutoa mkono, akaifunga khanga vizuri, akaivuta begani jinsi mama alivyokuwa ameiweka.

"Umeona nini, Bibi?" Mwenyekiti akauliza.

"Nimeona kinachonitosha. Mkono huu haushiki jembe. Si mwaka huu, wala mwakani."

"Ni jipu?"

"Ni jipu," alisema Bibi Wankuru, akarudi kukaa.

Ningependa kuandika kwamba jambo liliishia hapo. Mwenyekiti alitangaza kwamba Mama Bhoke si kupe, na asiitwe hivyo tena, na anayeitwa hivyo bila hukumu ana haki ya kulalamika. Watu wakaitikia. Lakini Mzee Marwa, mtu wa haki, aliinua daftari lake. Alisema kaya haiwezi kuandikwa tupu. Nyumba nyingine zitauliza, na zina haki ya kuuliza.

"Tuna desturi yetu," Mwenyekiti akasema. "Kwenye risaga, tunapolimiana, nyumba isiyoweza kumleta mwenyewe humleta mtoto wake. Hakuna anayenung'unika. Au nadanganya, Bibi Wankuru?"

Bibi Wankuru alitazama mikono yake. "Hudanganyi."

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja," nikajibu mimi, kwa sauti kubwa, kabla ya mama. "Na miezi mitatu."

"Ndugu Mwenyekiti," mama alisema, "huyu ameandikishwa shule. Januari anaanza."

"Hatumnyimi shule, mama. Tutamchukua asubuhi tu. Jua likikaza aende nyumbani."

"Shule ni asubuhi."

Mwenyekiti alikuwa na watoto wake, na ninaamini hakufurahi. "Mwalimu mkuu atamngoja," alisema. "Shule haihami. Ukipona, atakwenda."

Nilianza darasa la kwanza Januari 1978, serikali ilipokuwa imeagiza kila mtoto aandikishwe, na kilichoniondoa kwenye lile daftari ni agizo hilo, si mkono wa mama. Marehemu mume wangu, aliyekuwa mwalimu, aliniuliza mara nyingi kwa nini nilikuwa mkubwa kuliko darasa zima. Nilimjibu kwamba tulikuwa maskini. Jibu hilo lilikuwa kweli, na nililitumia kama mama alivyolitumia jipu.

Lakini siku ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilichojua ni kwamba nimeharibu kwa mdomo wangu na sasa nimepewa nafasi ya kutengeneza kwa mikono yangu. Katibu aliniuliza jina langu kamili. Nilimtajia. Aliliandika kwenye mstari wa mama, juu ya jina la mama alilolikata kwa rula, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona jina langu limeandikwa na mtu zaidi ya padri. Nilimwomba anionyeshe ni lipi. Akageuza daftari, akaweka kidole. Nililitazama kwa furaha, na sikuweza kulisoma.

"Mama Bhoke, dole gumba hapa," Katibu akasema, akisogeza kibweta cha wino. "La kulia."

Meza ilimfika kiunoni. Mama aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauinua, akaulaza juu ya meza mbele ya wazee wale kama kitu kilicholetwa kukaguliwa. Katibu alimsaidia kukandamiza dole kwenye wino, kisha kwenye karatasi, pembeni ya jina langu. Mama alilipangusa kwa ncha ya khanga, akaurudisha mkono tumboni, akanigeukia.

"Twende tukatafute mpini," alisema. "Jembe la kwangu ni refu kwako."